Siku Sista Alipotaka Kuniomba Radhi

Nimeogopa vitu vingi maishani: nyoka, maafisa wa uhamiaji, hata zile ngazi za umeme za uwanja wa ndege siku ya kwanza nilipotua Dubai. Lakini sijapata kuogopa kitu kama nilivyoogopa kuombwa radhi. Cheka ukitaka, una haki. Kwa mwoga huenda kicheko. Ila nisikilize kwanza, kisha useme kama ungekuwa wewe usingetetemeka.

Nilikuwa msaidizi wa maktaba katika shule ya masista wa Kikatoliki. Mimi ni Mwislamu, na watoto wengi wa shule ile walikuwa Waislamu vilevile. Dubai mzazi huuliza kwanza kama shule inafundisha, na msalaba wa ukutani anauzoea baada ya wiki. Binti yangu alisoma hapohapo, darasa la nne, kwa nafuu wanayopewa watoto wa wafanyakazi. Tulikaa Al Twar, katika nyumba ya shangazi yake mume wangu. Huyo Shangazi ndiye aliyemlea mume wangu alipofiwa na mama yake, ndiye aliyemvusha bahari kumleta Dubai, na mwanawe ndiye mwenye duka la vipuri vya magari Al Quoz alikofanya kazi mume wangu. Viza yetu ilitoka kwenye duka hilo. Kwa kifupi, paa, kazi na ruhusa ya kuishi nchini vyote vilitegemea uso wa mwanamke mmoja. Akicheka, tunacheka. Akinuna, tunapima maneno.

Na alikuwa mwema, nisimsingizie. Nilipojifungua alinikanda mwenyewe kwa maji ya moto, hakuniachia mtumishi. Alimfundisha binti yangu Kurani kwa uvumilivu ambao mimi sina. Alikuwa mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, akaolewa Dubai na mtu wa Unguja zamani hizo, kabla nyumba nyingi za mtaa wetu hazijajengwa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: ukoo.

Wanawake wa pwani wakikutana sebuleni kwake, Wamvita, Waunguja, Wapemba, kahawa haijamiminwa, swali limeshatoka: "Wewe wa nani?" Hawaulizi jina. Wanauliza mlango wa ukoo, babu, mtaa, nani kamwoa nani na harusi ilipikwa wapi. Wakimaliza, umevuliwa nguo huku buibui liko mwilini. Mimi nilipoulizwa nilijibu kwamba natoka Lamu. Sikusema uongo. Lamu ni kaunti, na msitu wetu umo ndani ya kaunti. Kama mtu alifikiria mji wenye milango ya kuchonga, hiyo ni fikira yake.

Mimi ni Mwaweer. Wengine hutuita Waboni, jina ambalo hatulipendi, na hulitamka kama mtu anayetaja kitu alichokikanyaga njiani. Watu wangu ni wa msitu ulioko bara ya Lamu kuelekea mpaka wa Somalia, wawindaji zamani, warina asali mpaka leo. Uwindaji ukapigwa marufuku. Kisha vita vya watu wengine vikaja kujificha kwenye miti yetu, na askari wakatuambia tusiingie msituni, kama kumwambia mtu asiingie jikoni kwake. Mimi nilipelekwa mjini nikiwa mdogo, nikakaa kwa watu nipate kusoma. Huko ndiko nilikojifunza kwamba lugha yangu inachekesha. Neno moja tu la kwetu nililomwambia kaka yangu kwenye uwanja wa shule, nikavikwa kibao cha mti shingoni kama adhabu mpaka jioni. Haikuwa shule ya masista ile, ilikuwa shule ya kawaida ya watu wa kawaida.

Mume wangu alijua. Nilimwambia kabla ya posa, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikutaka kuumbuliwa mbele ya kadhi. Akasema, "Mimi nakuoa wewe, siuoi msitu. Lakini Shangazi asijue." Basi tukaishi hivyo. Siku moja taarifa ya habari ilionyesha msitu wetu, wanawake wamekaa chini wakingoja unga wa msaada. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimpaka Shangazi hina miguuni. Akasema kwa huruma ya kweli, "Hawa Waboni maskini, Mungu awasaidie. Lakini si watu wa kuchanganya damu nao. Ukioa huko umeufunga mlango wako." Hina ikatoka nje ya mstari. Akaniambia nikapime macho.

Sasa nije kwenye shule.

Masista wale, zamani za mabibi zao, walikuwa na shule huko Kanada. Watoto wa wenyeji wa asili walichukuliwa kwa wazazi wao, wakaletwa kwao, wakanyolewa, wakapewa majina mapya, wakachapwa kwa kusema lugha za kwao. Wengine hawakurudi nyumbani. Hayo masista wenyewe waliyaeleza bila kuyapamba, na kwa hilo niliwaheshimu. Shirika lao likaandika ahadi ya upatanisho na wenyeji wa asili, na kila shule yao, popote ilipo duniani, huisoma mara moja kwa mwaka mbele ya watoto na wazazi. Hata Dubai, ambako mtoto wa karibu kabisa na habari hiyo yuko ng'ambo ya bahari mbili.

Mwaka wa kwanza walipoisoma, mwalimu mmoja kijana kutoka Kanada alitaka waanze kama wanavyoanza kwao, kwa kutamka kwamba wamesimama juu ya ardhi ya watu fulani walionyang'anywa. Sista Mkuu aliisoma ile karatasi, akavua miwani. "Mwalimu," akasema, "hapa ardhi ina mwenyewe, na picha yake iko pale ukutani." Picha ilikuwa ya mtawala wa Dubai. Khalas, basi, sentensi ikafutwa. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya rafu za vitabu. Sikujua kwamba kicheko changu kina mwisho.

Mwaka huo ninaosimulia, Sista Mkuu aliamua watoto wasisikilize tu. Kila mtoto alete kitu kimoja cha kwao: salamu, mchezo, wimbo, sauti yoyote wanayotoa wazee wake. Nilidhani binti yangu angepeleka leso ya nyanya yake, au wimbo wa harusi ambao Shangazi alimfundisha. Sikumuuliza. Nilikuwa na kazi ya kubandika namba kwenye vitabu vipya, na mtu mwenye siri hupenda kujidanganya kwamba ameisahau.

Baba yangu alikuwa akifumbata viganja viwili, anapuliza katikati ya vidole gumba, na sauti inatoka nene, inakwenda mbali. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi akiisikia huja, akamwongoza mti kwa mti mpaka penye nyuki. Baba akisharina asali anamwekea ndege sega lake, kwa sababu dhuluma hailipi hata kwa ndege. Mluzi huo mimi hunitoka nikiwa peke yangu jikoni, bila kujua. Nilijitahidi nisiupige Shangazi akiwepo, kwani kwao mluzi ndani ya nyumba huita majini. Akienda kwa jirani, hunitoka. Na mtoto ana masikio; aliniuliza, nikamweleza habari za babu yake na msitu.

Sista Mkuu alikuja maktaba saa ya chakula cha mchana, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa mtu wa Kerala, mzee, mfupi, mwenye kutembea haraka kama anayewahi basi. Hakuwahi kufunga mlango ule. Nikajua kuna jambo.

"Binti yako ametupigia mluzi," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nikamuuliza ni wa nini. Akasema, mama anasema ni wa kumwita ndege anayeonyesha asali."

Kiyoyozi cha maktaba kilikuwa kikali, sisi wafanyakazi tulivaa sweta humo. Nikahisi jasho linanishuka mgongoni.

"Nimesoma habari za watu hawa," akaendelea. "Wako Kenya, karibu na bahari. Ni watu wako?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni, limeshazoea njia. Lakini alikuwa amenishika mikono yote miwili, na machozi yamemjaa machoni, na mimi sijalelewa kumdanganya mzee anayelia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Miaka yote tunaisoma ahadi ile mbele ya kiti kitupu tunachowawekea wenyeji wa asili," akasema. "Kumbe ulikuwa hapa, unatupangia vitabu. Ijumaa nataka ukae mbele, jukwaani. Nami nikuombe radhi kwa niaba ya shirika, mbele ya wote."

"Sista, ninyi hamjanifanyia kitu."

"Shule zimekufanyia," akasema.

Hapo alinipata. Shingo yangu ilikumbuka kile kibao. Lakini woga ulikuwa na mdomo mrefu zaidi. "Shangazi yake mume wangu atakuwepo," nikasema. "Mjukuu wake yuko darasa la pili."

Uso wake ukang'aa. "Vizuri sana! Ataona fahari."

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwanamke huyu alikuwa amesoma vitabu vyote vya dhuluma ya duniani, na bado alidhani kwamba mtu akishajulikana alikotoka, waliobaki hupiga makofi. Nikamwambia nitaangalia. Kwetu pwani mzee akikuomba jambo kwa machozi humkatalii usoni. Unasema utaangalia, na mwenye kuelewa ameelewa, habari imekwisha hapo. Sista hakuwa wa kwetu. Kesho yake nilipita ukumbini nikaona kiti kimeshatengwa katikati ya jukwaa, kimefunikwa kitambaa cheupe, na fundi wa umeme yuko juu ya ngazi anakielekezea taa.

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka kengele ikalia. Nilijiona nimekaa chini ya taa ile, Shangazi mstari wa mbele na udi wake na mkoba wake, wale wanawake wa kahawa pembeni yake, na Sista anatamka jina la watu wangu kwenye kipaza sauti. Kisha nikaona mume wangu anaitwa dukani na binamu yake. Kisha masanduku. Kisha mimi na mwanangu uwanja wa ndege, tunarudi kwenye msitu ambao hata kuingia haturuhusiwi. Yote hayo niliyaona kwa macho makavu, kengele ikilia.

Jioni mume wangu aliporudi kutoka Al Quoz nilimfuata garini, tukafunga vioo tuzungumze. Nyumbani kwa watu siri husemewa garini. Nilipomaliza kumweleza alibaki ameshika usukani kana kwamba tunakwenda mahali.

"Mwambie Sista hapana," akasema.

"Nitamwambia. Na mtoto je? Ameshaupiga mluzi mbele ya darasa zima."

"Mtoto ni mtoto. Mfunge mdomo."

"Mfunge wewe, ni wako pia."

"Mimi sijui kusema naye maneno hayo," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, masikini. Mimi niliogopa kumpoteza Shangazi, yeye aliogopa kumpoteza mama kwa mara ya pili.

Basi nikamfunga mimi. Nilimketisha kitandani nikamwambia kwamba ule mluzi ni wa nyumbani tu, asiupige tena shuleni wala mbele ya Nyanya. Akiulizwa mama yake anatoka wapi, aseme Lamu mjini.

"Kwani ni kitu kibaya?" akauliza.

"Si kibaya. Ni chetu."

"Vitu vyetu vingine tunawaambia watu."

Ana miaka tisa na anabishana kama wakili. Mzazi asiye na jibu hupandisha sauti. "Fanya unavyoambiwa!" nikasema. Akanitazama, akasema, "Lamu mjini," polepole, kama anayeonja dawa. Nikambusu kichwani. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Sista nilimwambia hapana asubuhi yake, waziwazi safari hii, nikamweleza na sababu. Hakukasirika. Alizungusha pete yake kidoleni, kisha akasema kwamba hakuwaza kama radhi inaweza kumdhuru anayeombwa. Aliniahidi hatataja jina langu wala la watu wangu, na kiti kitakaa kitupu kama miaka iliyopita. Nilimshukuru. Lakini hofu haikuondoka. Sista alikuwa mtu asiyejua kuficha kitu. Mtu kama huyo hahitaji kusema, anaweza kukutazama tu na watu wote wakageuza shingo.

Ijumaa ikafika. Nilipika mapema alfajiri, wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa sababu Ijumaa shule hufungwa mapema na Shangazi hupenda chakula kiwe tayari. Nazi niliikamua mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. Shangazi alitoka chumbani amevaa buibui jipya, ananukia udi, amefurahi. Mjukuu wake angeimba na wenzake. Njia nzima alinieleza jinsi watoto wa Dubai wanavyopotea, Kiswahili hawakijui, Kiarabu cha kubabaisha, kila kitu Kiingereza. "Mwacha asili ni mtumwa," akasema, kama anavyosema kila Ijumaa. Nikasema, "Kweli, Shangazi."

Ukumbini alikaa mstari wa mbele, vilevile nilivyowaza. Mimi nilisimama ukutani, karibu na mlango, pamoja na wafanyakazi wengine. Kiti kilikuwa kitupu jukwaani chini ya taa. Watoto wa darasa la pili wakaimba. Kisha Sista akasogea kwenye kipaza sauti na kuanza kuisoma ahadi, na mimi nikaanza kusoma macho yake.

Nilikuwa nimeisikia ahadi hiyo kila mwaka na kila mwaka nilikuwa nikiwaza mengine. Siku hiyo kwa woga niliisikia neno kwa neno, nikingoja neno litakaloniua. Alisoma kwamba waliwachukua watoto. Kwamba waliwanyang'anya lugha. Kwamba waliwafundisha watoto kuwaonea haya mama zao. Kwamba wanaahidi kusikiliza, na kutotaka kusamehewa haraka. Macho yake hayakugeuka upande wangu hata mara moja. Nikaanza kupumua.

Alipomaliza alikunja karatasi, na badala ya kushuka akawageukia watoto. Hili halikuwa kwenye ratiba, lilimtoka tu. Akauliza kama kuna mtoto anayejua watu ambao lugha yao iliwahi kukatazwa. Mvulana mmoja wa Kifilipino akasimama akasema habari za bibi yake wa milimani. Msichana mmoja wa Kihindi akasema za wapishi wa kwao, hakuelewa swali lakini watu walimpigia makofi. Kisha katikati ya darasa la nne mkono mwingine ukainuka, na mkono huo niliufahamu, kwa sababu bangili ile ya shanga nilimfunga mimi asubuhi.

Nilitaka kuita, nilitaka ile kengele ya moto ilie. Sista alimwona, na nikaona kabisa jinsi alivyokumbuka ahadi yake kwangu, akasita. Lakini watu wote walikuwa wameshamwona mtoto. "Ndiyo, mwanangu?" akasema, na sauti yake ilitetemeka.

Binti yangu akasimama. Akafungua mdomo. Kisha akageuka akanitafuta ukutani, akanipata.

Sijui aliona nini usoni mwangu. Sikuwa na kioo. Najua tu kwamba alifumba mdomo, akasema kwa Kiingereza safi, "Samahani Sista, nimesahau," akakaa. Watoto wakacheka. Shangazi naye akacheka, akamwambia mwanamke wa pembeni yake kwamba mtoto ana haya kama mama yake.

Nyumba ilikuwa imeokoka. Hakuna aliyejua kitu. Nilingoja ule woga uondoke, haukuondoka. Ulikuwa umehamia mahali pengine, na nilikuwa bado sijapajua.

Nilipajua garini. Shangazi alikaa mbele nami, mtoto nyuma. Mjukuu alikuwa amechukuliwa na mama yake. Tulipoingia barabara ya kuelekea Al Qusais, Shangazi akageuza shingo.

"Hebu nambie mwanangu, ulitaka kusema nini pale?"

"Kitu cha kwenye kitabu tu, Nyanya."

"Kitabu gani?"

"Cha ndege," akasema. "Si muhimu."

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameangalia nje, uso umetulia, hauna kitu ndani yake, mtoto wa miaka tisa. Uso ule niliujua. Ndio niliouvaa mimi sebuleni kwa Shangazi miaka yote, na mimi niliuvaa baada ya kupigwa na kuchekwa na kuvikwa kibao. Yeye hakuna aliyempiga. Hakuna sista aliyemnyoa wala mwalimu aliyemchapa, tena mwalimu wake alimwomba aseme. Mimi mwenyewe nilimketisha kitandani nikamfundisha kunionea haya, kwa siku moja tu, na alikuwa ameshahitimu.

Niliogopa hapo kama sijapata kuogopa. Shangazi angeweza kutufukuza, na mtu akifukuzwa hutafuta chumba kingine. Lakini mtoto akishajifunza uso ule hauvuliwi tena, mimi ni shahidi. Tukafika kwenye taa nyekundu. Nikajua kwamba nisipolisema kabla taa haijageuka sitalisema mpaka kufa.

"Shangazi," nikasema, "alitaka kusema habari za watu wangu. Mimi ni Mwaweer. Ni wale mnaowaita Waboni."

Taa ikawa kijani, nami nimesahau gari linaendeshwaje. Nyuma yetu wakaanza kupiga honi, mmoja akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Yalla, yalla!"

"Endesha gari," Shangazi akasema.

Hilo ndilo neno pekee lililotoka kinywani mwake mpaka Al Twar. Nilikata kona zote bila kuziona. Mtoto nyuma alikuwa amekaa wima kabisa, hata mgongo haugusi kiti.

Mume wangu alikuwa ameshafika nyumbani. Aliona nyuso zetu tu, akajua. Nikapakua chakula kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya kwa mikono yangu, tukakaa. Shangazi alikaa mahali pake pa siku zote. Nikamwekea wali, nikamchagulia kipande cha samaki cha karibu na kichwa, anachokipenda. Akakitazama.

"Mume wako anajua?" akaniuliza.

"Anajua. Tangu kabla ya posa."

Akamgeukia mume wangu. Mume wangu alikuwa amemkodolea macho samaki kana kwamba ndiye atakayejibu. Nilingoja akane, na sikuwa tayari kumlaumu. Akasema, "Najua, Shangazi." Sauti ilikuwa ya kitoto, lakini ilitoka.

Shangazi akakisogeza kile chakula mbali naye, kidogo tu, kwa ncha za vidole. Vidole hivyo vilikuwa vimenikanda tumbo. "Miaka yote hii," akasema, "nimekula mkononi mwako."

Ningeweza kulia. Ningeweza kumshika miguu nikamwomba radhi, na labda ndicho alichongoja. Lakini hasira ilinipanda juu ya woga, mimi hunipanda hivyo, na mtoto alikuwa ananitazama.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema. "Na hujaugua hata siku moja."

Mume wangu akafumba macho. Shangazi akainuka. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu mpaka kitasa kikalia, na mimi ningependa mara mia aubamize. Baada ya muda tukamsikia anazungumza na simu huko ndani, chini chini. Mume wangu akasema anampigia mwanawe. Kisha akabaki akitazama mlango.

"Tutahama?" mtoto akauliza.

"Sijui."

Nilikuwa sijapata kumpa jibu la kweli kama hilo. Alilifikiria. Akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu.

"Jumatatu Sista akiniuliza tena, niseme?"

Nilimtazama mume wangu, hakuuondoa uso mlangoni. Simu ndani ilikuwa bado inaendelea.

"Sema," nikamwambia. "Ukisahau, niulize mimi."

Akaanza kula. Mimi nikainuka. Chakula cha Shangazi kilikuwa palepale alipokisogeza, wali umeanza kukauka juu, samaki hajaguswa. Nikachukua kawa nikakifunika vizuri, kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi, na angesikia njaa.